Sasisha: Neno Ni Letu, Mlango Ni Wao

Katika maneno mapya ya Kiswahili, yapo machache ninayoweza kuyasifu bila kusitasita, na mojawapo ni sasisha. Neno hili limezaliwa katika ukoo halali. Mzizi wake ni sasa, na kiambishi chake ni kile kile kilichotupatia boresha kutoka kwenye bora na sahihisha kutoka kwenye sahihi. Maana yake haihitaji mkalimani: kusasisha kitu ni kukitoa jana na kukileta leo. Halikubanduliwa katika lugha ya watu kama lebo ya chupa na kubandikwa kwetu. Limeota katika shamba letu wenyewe, na ndiyo maana hata mtoto wa darasa la nne akilisikia mara moja hulielewa.

Nalisifu neno, kisha nawashitaki wanaolitumia. Katika simu janja nyingi zinazouzwa nchini, nyuma ya kitufe chenye neno hilo zuri limefichwa sharti: utausasisha mfumo wa simu yako iwapo tu una waifai. Asiye nayo, hata kama amenunua bando la kutosha kwa fedha yake halali, huambiwa asubiri. Asubiri nini? Asubiri hadi lini? Kitufe hakisemi. Kinafifia rangi na kunyamaza, kama karani aliyeinamisha kichwa asimwone mtu aliyesimama dirishani.

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumewapa watengenezaji wa simu neno lenye maana ya sasa, nao wamelifanya liwe na maana ya baadaye kwa watu wengi wa nchi hii. Neno likishapoteza ukweli wake limebaki ganda, na walinzi wa lugha wakiliona ganda wakanyamaza, wanalinda nini?

Tuitazame hali ilivyo. Hapa Kikatiti, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, mtandao wa simu si tatizo. Kijana anatazama mpira kwenye simu akiwa amekaa juu ya pikipiki, mama anapokea malipo ya ndizi zake kabla mnunuzi hajafika, na mwanafunzi wa sekondari anasoma mitihani ya miaka iliyopita. Yote hayo yanafanyika kwa bando la siku, la wiki, au la mwezi kwa aliyejaliwa. Waifai ya nyumbani ni jambo la wachache. Magari ya watalii yatokayo Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hupita mbele ya nyumba zetu kila siku yakielekea kwenye hoteli ambako waifai hutolewa pamoja na taulo. Mgeni wa usiku mmoja anaweza kusasisha simu yake akiwa amelala, na mwenyeji wa miaka sitini hawezi. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mgeni amekuja na mwenyeji bado anaumwa.

Ubaya wa pili ni wa lugha moja kwa moja, na huu hatuwezi kuwaachia mafundi. Jirani yangu mmoja, mama ntilie anayejua hesabu zake kuliko makarani wengi, aliniletea simu iliyokuwa ikimwonyesha maelezo ya Kiswahili kwamba aunganishe kwanza “mtandao usiotumia waya”. Akaniuliza kwa utulivu: “Mwalimu, simu yangu haina waya hata mmoja isipokuwa wa kuchajia, na huo nimeuchomoa. Mbona bado inanikatalia?”

Nani kati yetu atamjibu mama huyu kwamba amekosea? Bando analonunua dukani halina waya. Linatoka mnarani, linapita hewani juu ya migomba na kuingia mfukoni mwake. Kwa kipimo cha waya, bando na waifai ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni chanzo na umbali: waifai hutoka kwenye kifaa kilicho karibu, chumbani au ofisini, na bando hutoka kwenye mnara wa kampuni ya simu. Aliyefasiri maelezo yale alitazama neno la kigeni akalibadilisha umbo bila kuitazama dunia ambayo neno lingekwenda kuishi. Matokeo yake, mtu mwenye akili timamu amefanywa ajione mjinga mbele ya lugha yake mwenyewe. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko kosa la ngeli. Kosa la ngeli huudhi sikio tu, lakini kosa hili linamfungia mtu mlango kisha linamwambia kwamba mlango uko wazi.

Tazama pia jina la ile njia ya simu moja kuigawia simu nyingine intaneti. Vijana wetu huiita hotispoti. Katika simu zenye Kiswahili huandikwa mtandaopepe, na nimewahi kuona pia mtandao-hewa. Mtandaopepe ni neno zuri, lina nasaba na barua pepe, nami ninalipenda. Ila nani amewahi kulitambulisha kijijini? Limewekwa ndani ya menyu ya tatu kutoka juu, likasubiri kugunduliwa kama madini. Kutunga neno ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kulifikisha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, iliyothibitisha kwamba lugha yetu inaweza kukaa ndani ya kompyuta bila kuomba radhi. Lakini baada ya kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuingia, tuliacha kuuliza kinapoingia kinamwambia nini mwenye simu.

Nimesikia utetezi wa kampuni, nami nitautendea haki kwa sababu hoja isiyosikiliza upande wa pili ni kelele. Wanasema mafaili ya mfumo ni makubwa. Ni kweli: toleo jipya la mfumo huweza kufika gigabaiti moja, mbili, au zaidi. Wanasema mtu akilipakua bila kujua, gharama itamuumiza. Hilo nalo lina ukweli, hasa katika nchi ambako watu hutumia kwanza na kulipa mwisho wa mwezi. Huko faili moja la usiku laweza kuzaa ankara ya kutisha asubuhi. Kufuli hilo lilitengenezwa kwa ajili ya watu hao.

Sisi hatuishi hivyo. Wengi wetu hulipa kwanza, ndipo tutumie. Bando likiisha, limeisha. Ipo hatari kwamba salio la kawaida litaliwa baada ya bando kukatika, lakini dawa ya hatari hiyo ni kuuliza. Niambie faili lina ukubwa gani. Niambie bando langu limebaki kiasi gani. Niulize kama nakubali. Mtu mzima huulizwa, hafungiwi. Na asidhani mtu kwamba Mtanzania hajui thamani ya megabaiti. Aprili 2021 bei za vifurushi zilipopanda ghafla, nchi nzima ilipiga kelele hadi serikali ikazisitisha bei mpya. Watu wanaohesabu bando kama wanavyohesabu mahindi debe kwa debe hawahitaji mlezi. Wanahitaji takwimu sahihi kwa lugha wanayoielewa.

Tena kufuli lenyewe halilindi chochote. Nikiazima simu ya jirani yenye bando, nikawasha mtandaopepe na kuiunganisha simu yangu, mara nyingi ile iliyokuwa imekataa hukubali. Bando ni lile lile, mnara ni ule ule, na fedha ni ile ile. Kilichobadilika ni jina la njia tu. Kwa hiyo kanuni hii haizuii gharama hata kidogo. Inamwambia mwenye simu moja kwamba atafute ya pili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: aliyeketi penye waifai nyumbani, ofisini, na kwenye mgahawa hakufikiri kwamba kuna nyumba yenye simu moja inayotumiwa na watu watano.

Sitaki kusema kwamba simu zote ni sawa. Zipo zinazoruhusu kupakua kwa bando, ila ruhusa imezikwa ndani ya mipangilio kiasi kwamba anayeifikia ni yule ambaye hakuihitaji. Zipo zinazoutambua mtandaopepe wa simu nyingine kuwa ni mtandao unaopimwa, zikaendelea kugoma hadi uingie kwenye maelezo ya mtandao huo na kuziambia zisiupime. Na ipo njia ya kompyuta na waya, ambayo ndiyo kongwe: hadi mwaka 2011, ilipotoka iOS 5, mwenye iPhone alilazimika kuichomeka kwenye kompyuta ili aibadilishie mfumo. Waliposifu maendeleo ya kuondoa waya huo, waliweka waifai mahali pake, na kwa miaka mingi hawakutaka kusikia habari ya bando. Kwa asiye na waifai, lililobaki ni lile lile la zamani.

“Lakini Mwalimu,” ataniambia msomaji mmoja, “hayo ni mambo ya vijana na mafundi. Sisi tunashughulika na vina na mizani.” Msomaji huyo nitamjibu kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni usalama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na masasisho mengi ya mfumo ni viraka vya kuziba nyufa. Mwaka 2015 watafiti walifichua udhaifu wa Android ulioitwa Stagefright, ambao ungemwezesha mwovu kuingia katika simu kwa kuituma ujumbe wenye video tu. Tangu Agosti mwaka huo Google ilianza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi. Kiraka kilikuwapo, ila hakikuwa kimewafikia wote. Kwetu simu ni pochi na ni benki. M-Pesa imekuwapo nchini tangu 2008, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Kumnyima mtu kiraka ni kumwacha alale na mlango wazi katika mtaa ambao wezi hawalali.

Ya pili ni baraza letu. Malenga wa leo hawakutani chini ya mwembe. Wanakutana katika makundi ya WhatsApp, ambako mmoja hutupa swali kwa beti nne na mwingine hujibu kabla ya magharibi. WhatsApp imekuwa ikiyaacha matoleo ya zamani ya mifumo moja baada ya jingine, nayo simu isiyosasishwa hatimaye hutolewa barazani bila kosa la mwenyewe. Yupo mzee mmoja wa huku Meru, fundi wa tarbia, aliyetoweka katika kundi letu kwa takribani miezi mitatu. Tulidhani anaumwa, wengine wakaanza kuulizana kimoyomoyo kama bado yu hai. Kumbe alikuwa mzima, na mashairi anayo, ila simu ilikuwa imebaki na mfumo wa zamani na hakuwa na waifai ya kuuhamisha. Tuliandika makala ngapi za kuombolezea kufa kwa ushairi wa jadi? Tungeanza kwa kumsasishia mzee simu.

Ya tatu ni desturi yetu wenyewe. Pale Arusha mjini upo uwanja wa michezo unaobeba jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mashabiki wengi wa mpira wanaopita lango lake hawajui kwamba jina hilo ni la mshairi, mtungaji wa kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954. Mtu huyo aliyetufundisha mizani alikuwa pia Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Hakuona kwamba kupanga silabi kunamzuia kupanga mambo ya mji. Na sisi wa huku Meru tunaye Kirilo Japhet. Watu wetu walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, alisafiri hadi New York mwaka 1952 kukifikisha kilio cha ardhi yao Umoja wa Mataifa. Mlango wenyewe ulikuwa mbali na ulikuwa mzito, naye akaubisha. Sembuse sisi, ambao mlango wetu uko kiganjani?

Kwa hiyo nadai mambo manne, nami nayaandika kwa lugha ambayo watengenezaji wanaweza kuiweka ndani ya simu bila kuibadilisha.

Watengenezaji wa simu waweke, chini ya neno sasisha, maneno matatu: “Tumia bando langu.” Juu yake waandike ukubwa wa faili kwa megabaiti. Bando likikatika katikati, upakuaji usimame na kuendelea pale ulipoishia, usianze upya. Neno pakua tumelitoa jikoni: mpishi akiitwa kabla hajamaliza kupakua, akirudi haanzi kupika chungu kingine.

Kampuni za simu zitenge kifurushi cha masasisho kwa bei ya chini, hasa saa za usiku ambazo minara haina msongamano. Wanatuuzia vifurushi vya kila aina, vya kuzungumza, vya mitandao ya kijamii na vya muziki. Kifurushi cha kumlinda mteja kimewashinda nini?

Shule, vyuo vya ualimu na maktaba zenye intaneti zifungue mlango siku moja kwa mwezi, watu waje na simu zao. Nawaonya tu wasomaji wasimkabidhi simu kila anayejiita fundi mwenye mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu. Sasisho halali hubeba sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji na simu huikagua. Anayekuambia kwamba ataizima kwanza hiyo kinga, mwambie arudishe simu. Na kabla ya kusasisha kwa njia yoyote, nakilini mashairi yenu mahali pengine, hata kama ni daftarini.

Dai la nne ni letu sisi. Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunaimba kwamba lugha yetu ina wasemaji zaidi ya milioni 200. Nzuri sana. Basi Julai ijayo tupunguze nyimbo kidogo. Tukae, walimu, washairi, wafasiri na watu wa Baraza la Kiswahili la Taifa, tuzisome simu zetu menyu kwa menyu, tuyaorodheshe maelezo yasiyoeleweka na kuyaandika upya. Hiyo “mtandao usiotumia waya” iwe ya kwanza kufutwa. Pendekezo langu ni kusema wazi: “Unganisha waifai, au tumia bando lako.” Waifai imekwisha kukaa midomoni mwa watu. Mgeni aliyekwisha kula na kulala kwetu si mgeni tena, naye hana haja ya jina la bandia linalomfanya asitambulike.

Najua wapo watakaosema kwamba sisi ni wadogo mno kusikilizwa na kampuni za mbali. Udogo haujawahi kuwa hoja. Wasemaji milioni 200 ni soko kubwa, na soko likisema kwa sauti moja na kwa lugha moja, mwenye duka hugeuza shingo. Kinachotupunguza ni kimya chetu, na mabishano yetu yasiyokwisha kuhusu tarakilishi na kompyuta wakati kompyuta yenyewe imetufungia nje.

Nami, kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa washairi, nafunga kwa beti mbili. Mwenye jibu na ajibu, kwa bahari ile ile au kwa nathari.

Neno sasisha ni letu, twalitunga kwa akili,
Likapewa simu zetu, likakaa pa halali,
Mbona mlango si wetu, ufunguo uko mbali?
Jana si makao yetu, tupeni sasa kamili.

Bando nimelinunua, kwa jasho si kwa fadhili,
Kitufe ninakijua, kimelala hakijali,
Waifai wanambia, niifuate kwa mbali,
Jana si makao yetu, tupeni sasa kamili.

Mwalimu mstaafu,
Kikatiti, Arumeru